Mume wangu anakoroma na ana melanoma: je, vinahusiana?

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 54. Mwezi uliopita alitolewa doa jeusi kwenye unyayo, majibu yakaja ni melanoma, aina ya saratani ya ngozi, na sasa anasubiri upasuaji wa pili. Usiku hukoroma hadi watoto wanasikia chumba cha pili, kisha hunyamaza kabisa, mara hushtuka kama mtu aliyekuwa anazama. Nimesoma kuwa kukatika pumzi usingizini kunaipa nguvu saratani ya ngozi. Ni kweli? Na ile mashine ya kulalia itaizuia isienee? (Mama Salma, Tanga)

JIBU: Marahaba, Mama Salma, na pole kwa kuuguza.

Ulichosoma kina msingi. Mwaka 2012 watafiti wa Barcelona waliwapandikizia panya melanoma, wakawavutisha hewa yenye oksijeni haba kwa sekunde chache, kisha ya kawaida, zamu kwa zamu, saa 6 kila siku. Uvimbe wao ulikua haraka kuliko wa panya wenzao. Mwaka 2018 yakatoka matokeo ya hospitali kadhaa za Hispania, ambako wagonjwa 443 wa melanoma walipimwa usingizi. Waliokatikiwa na pumzi mara nyingi zaidi ndio walioelekea kuwa na uvimbe mnene na mkali zaidi, hata umri na uzito ulipozingatiwa.

Maelezo yake ni haya. Pumzi ikikatika, oksijeni ya damu hushuka; akishtuka, hupanda. Mwenye hali kali hupitia hivyo mara 30 au zaidi kwa saa moja. Seli zikikosa oksijeni huamsha protini iitwayo HIF-1, ambayo huagiza mishipa mipya ya damu iote. Kwa kidonda hiyo ni neema. Uvimbe nao hunywa kwenye mishipa hiyo hiyo.

Lakini taratibu hapo. Wale wa Hispania walipimwa wakiwa tayari ni wagonjwa, kwa hiyo hatuwezi kuapa kwamba pumzi ndiyo iliyoukoleza uvimbe. Tena melanoma ya unyayo, ambayo ndiyo tunayokutana nayo zaidi kwa watu weusi, haifuati jua kama nyingi za Ulaya. Mimi nisingeyabeba matokeo ya kule nikayatua Tanga yalivyo. Na mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kwa kinyago, haijathibitishwa kuzuia melanoma kuenea. Asije mtu akawauzia kwa ahadi hiyo.

Kwenye karatasi ya majibu kuna namba ninayotaka uitafute: unene wa uvimbe kwa milimita. Hiyo, pamoja na hali ya tezi za kinena (pale panapovimba mtoki), inasema mengi kuhusu mbele kuliko mkoromo wowote. Ukizidi milimita 1, muulize daktari wa upasuaji kama tezi zitakaguliwa. Na upasuaji usiahirishwe kwa ajili ya kungoja kipimo cha usingizi, isipokuwa timu yake ndiyo imesema hivyo.

Mkoromo wenyewe una hatari ya karibu zaidi, na hii watu huisahau: nusukaputi. Dawa za kulaza, na za maumivu za jamii ya mofini, hulegeza koo na kupunguza msukumo wa kupumua. Mtaalamu wa nusukaputi akijua mapema, hubadili dawa na kumwangalia kwa karibu baada ya upasuaji. Asipoambiwa, hana namna ya kujua. Dawa za usingizi za kununua duka la dawa asiziguse, pombe ya usiku vivyo hivyo, na kama husinzia mchana asishike usukani.

Akitibiwa pumzi, shinikizo la damu huweza kushuka kidogo na usingizi wa mchana kumwachia. Hiyo inatosha kuwa sababu ya kumtibu mkoromo.

Leo usiku mrekodi kwa simu dakika chache, ukihakikisha kile kimya na ule mshtuko vimeingia. Video hiyo muonyeshe mtaalamu wa nusukaputi kabla ya siku ya upasuaji.