Muulize Nesi Mstaafu: Sauti ya WhatsApp, kontroo namba na siasa za zahanati

Shikamoo Bibi Nesi. Binti yangu ana miaka kumi, yuko darasa la nne. Shule imetuma taarifa kwamba watachanjwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Kwenye kundi letu la wazazi WhatsApp imepita sauti ya mtu anayejiita daktari, anasema chanjo hiyo inafunga kizazi na ndiyo maana wanapewa watoto wa kike peke yao. Baba yake amesema siku hiyo mtoto asitoke nyumbani. Nifanyeje? (Mama Z., Korogwe)

Marahaba mwanangu. Sauti ya namna hiyo nami nimeletewa, tena na watu ninaowaheshimu. Angalia juu ya ujumbe wenyewe: ukiona vimshale viwili, ujue umeshapitia makundi mengi kabla ya kufika kwenu, na aliyekutumia hamjui aliyeurekodi. Huyo daktari hataji jina, hataji hospitali. Daktari wa kweli nchini kwetu amesajiliwa na Baraza la Madaktari na ana namba yake ya usajili. Akikupotosha kuna mahali pa kumshtaki. Sauti isiyo na mwenyewe utaishtaki wapi?

Sasa chanjo yenyewe. Saratani ya mlango wa kizazi inaletwa na kirusi kinachoitwa HPV, na aina mbili tu za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani hizo. Mjerumani Harald zur Hausen, aliyegundua uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Ndani ya chanjo hamna kirusi kizima, kuna mfano wa ganda lake la nje tu, ili mwili ulizoee na ujiandae. Haigusi mayai ya mwanamke wala mji wa mimba. Kinachoondoa vizazi ni saratani yenyewe. Nimewauguza wanawake wa miaka 35 na 40 waliofika hospitali wakati hakuna tena cha kufanya ila kupunguza maumivu, na wengine walikuwa bado wananyonyesha. Sitaki binti yako afike huko.

Kwa nini wasichana peke yao? Kwa sababu mlango wa kizazi wanao wao, na dozi zikiwa za kugawana, anayetangulizwa ni yule ambaye ugonjwa unamuua zaidi. Nchi zenye uwezo zinachanja na wavulana. Australia ilianza mwaka 2013, Uingereza mwaka 2019. Kama lengo lingekuwa kufunga vizazi vya Waafrika, wale wasingewachoma watoto wao wenyewe, wa kike na wa kiume. Kule Scotland walianza kuchanja wasichana mwaka 2008. Utafiti uliotolewa Januari 2024 haukukuta hata msichana mmoja aliyekamilisha chanjo akiwa na miaka 12 au 13 ambaye amepata saratani hii.

Hapa kwetu chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, dozi mbili, kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja tu, kwa wa miaka 9 hadi 14. Dozi moja haikuja kwa ubahili. Mwanza ulifanyika utafiti kwa wasichana 930 wa rika hilohilo la binti yako, wakaona kinga inayojengeka kwa dozi moja inatosha. Ni watoto wa Kitanzania, damu zao zimepimwa na watafiti wa hapa wakishirikiana na wa nje. Hilo huyo wa kwenye sauti hakulisema.

Msimfiche baba yake. Mtoto akichanjwa kwa siri, mtashinda siku moja na kugombana mwaka mzima. Nendeni wote wawili zahanati, mwombeni nesi awaonyeshe kichupa. Juu yake kuna duara dogo la rangi lenye mraba katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijapata joto la kuiharibu. Ukifanana na duara au ukawa mweusi zaidi, hiyo haifai, inatupwa. Mwangalie pia anavyofungua sindano mpya mbele yenu, ile ambayo ikishatumika mara moja haivutiki tena. Nimewahi kuwaonyesha akina baba wengi alama hiyo, na mara nyingi ndipo mikono iliyokunjwa kifuani ilipofunguka. Watu hawapendi kuambiwa "amini tu". Mkumbushe na binti anywe chai kabla ya kwenda, kisha akae dakika 15 baada ya kuchomwa. Mabinti wa umri huo huzimia kwa woga wa sindano, na mwenzao mmoja akianguka basi kundi la WhatsApp lina sauti nyingine jioni hiyo.

Na wewe mwenyewe, kama umefika miaka 30, uliza hukohuko kipimo cha siki, kile cha kukagua mlango wa kizazi. Hakina malipo kwenye vituo vya serikali, na majibu unapewa papo hapo.

Bibi, nina miaka 67 na presha. Zahanati wananipa kontroo namba nilipe kwa simu. Simu yangu ni ya tochi, kwa hiyo kijana wa dukani ananilipia na kunikata buku kila mara. Juzi nimepata meseji: "Ile hela ya dawa itume kwenye namba hii." Nusura nitume. Na si tuliambiwa wazee tunatibiwa bure? (Mzee wa Kilosa)

Shikamoo kaka yangu. Nianze na meseji: usitume hata shilingi. Ipeleke kwenye namba 15040, hapo wanapokea taarifa za meseji za kitapeli, kisha uifute. Serikali haikusanyi pesa ya matibabu kupitia namba ya mtu. Kontroo namba ya serikali ina tarakimu 12 na inaanza na 99. Ukipewa namba ya simu ya mtu badala ya hiyo, awe kwenye meseji au awe mtumishi aliyevaa koti jeupe, kataa na udai risiti.

Simu ya tochi inalipa vizuri tu, haihitaji intaneti. Ukipiga *150*00# kwa Voda, au *150*60# kwa Airtel, fuata menyu ya malipo hadi utakapoona malipo ya serikali, uandike zile tarakimu 12. Kabla hujaweka namba ya siri, soma jina la kituo na kiasi kinachokatwa. Mwambie mjukuu akae pembeni akuelekeze, lakini namba ya siri ibonyeze mwenyewe. Hiyo buku ya kijana wa dukani inatosha kukununulia mboga.

Ila suala lako kubwa ni la msamaha. Sera ya afya inasema mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo hachangii matibabu, sawa na mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano. Tatizo ni yale maneno "asiye na uwezo". Hayathibitishwi dirishani, yanathibitishwa na serikali ya kijiji, ambayo inakutambua na kukuorodhesha ili upewe kitambulisho. Wazee wengi hawajaambiwa hivyo, wanafika wakiwa na umri tu na kurudishwa, na hilo linaniumiza. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, umuulize orodha ya wazee wa msamaha iko wapi na jina lako limo au halimo. Akikuambia orodha haipo, lipeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao kisheria unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu.

Bi Nesi, napenda ukurasa wako, lakini toleo lililopita uliingiza tozo na kamati za zahanati. Sisi tunataka ushauri wa afya, siasa waachie wanasiasa. (Kijana wa Mbeya)

Mwanangu, ningewaachia kama wangekuwa wanaugua peke yao.

Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 2021, na tuliambiwa inajenga vituo vya afya na madarasa. Watu walilalamika, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka uleule, na mwaka 2023 tozo ya kutuma ikafutwa. Huko kote ni siasa, na huko kote palizungumzwa kama mama wa kijijini atajifungulia kwenye kituo au njiani. Siwezi kukueleza habari za uzazi salama nikaliruka hilo.

Angalia na Korona. Mwaka 2020 nchi yetu iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa. Julai 28, 2021 Rais Samia alichanjwa hadharani, dozi zaidi ya milioni moja zikiwa zimepokelewa. Katikati hapo manesi tulikuwa na lugha moja mchana na nyingine jioni. Mama Z. wa Korogwe akiogopa sindano leo, mimi simwoni mjinga. Amesikia wakubwa wakibadilika, na hakuna aliyekaa naye kumweleza kwa nini. Uaminifu uliopotea kwa siasa hautarudi kwa mabango ya wizara.

Kuhusu kamati, narudia bila aibu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, ule unaochangiwa na wahisani, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na kamati ya usimamizi ya wananchi ndiyo inayopanga matumizi pamoja na mganga mfawidhi. Je, unawajua wajumbe wa kamati ya zahanati yenu? Umewahi kuwauliza dawa za presha zilinunuliwa kiasi gani? Wewe unaandika vizuri, una simu nzuri. Gombea ujumbe wa hiyo kamati.

Kampuni imejenga mnara wa simu mita chache kutoka nyumbani. Mke wangu ni mjamzito. Tutapata saratani? (Baba J., Kibaha)

Mawimbi ya mnara si ya aina ile ya eksirei, hayana nguvu ya kuvunja vinasaba. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliyaweka kwenye kundi la vitu "vinavyoweza" kuhusika, kwa ushahidi hafifu uliotokana zaidi na simu inayobanwa sikioni kuliko minara. Kama bado una wasiwasi, Tume ya Nguvu za Atomiki ina vifaa vya kupima. Omba kupitia ofisi ya mtaa mpimiwe, mpewe majibu kwa maandishi.

Ila barua yako ilitaja kwa mstari mmoja kwamba jenereta la mnara linanguruma usiku kucha na mkeo halali. Hilo ndilo ningeanza nalo. Mjamzito asiyelala presha inaweza kumpanda. Andikeni malalamiko ya kelele kwa NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, mtaje saa jenereta linapowashwa na kuzimwa. Na mkeo apimwe presha kila hudhurio la kliniki. Miguu ikivimba, kichwa kikiuma mfululizo au akiona vimulimuli machoni, msisubiri tarehe ya kadi, nendeni siku hiyohiyo.