Image si picha kila mahali

Shikamoo mwalimu. "Image" kwa Kiswahili ni nini? (Msomaji, Magomeni, Bagamoyo)

Marahaba. Kwenye sentensi gani? Nimeomba mara nyingi: leteni sentensi nzima. Neno tupu silitafsiri.

Nachonga karibu na Chuo cha Sanaa. Mteja ameagiza "wooden image" ya mvuvi. Kwenye risiti niandike picha ya mbao?

Usiandike hivyo. Ulichonacho mkononi kina pua ya kushikika. Hiyo ni sanamu, na ninyi wachongaji mna neno lenu, kinyago. Kwa nini uache neno la kazi yako ukaazime la mpiga picha?

Biblia ya Kiingereza ina "image" katika Mwanzo 1:26 na Kutoka 20:4. Mbona yetu ina maneno tofauti? (Mwanakwaya, Dunda)

Swali hili nimelingoja muda mrefu. Biblia ya Kiswahili ya Union inasema mtu aliumbwa "kwa mfano wetu, kwa sura yetu". Kwenye amri inakataza "sanamu ya kuchonga". Fungua Kiebrania uone: Mwanzo pana *tselem*, Kutoka pana *pesel*, maneno mawili mbali kabisa. Biblia za Kiingereza, kama ile ya King James, ndizo zilizoyabebesha neno moja, na Kiswahili kikayatenganisha tena. Watafsiri wetu walitazama kinachosemwa, hawakukimbilia neno. Leo mtu anabonyeza simu imtafsirie, anapewa "picha", anaipeleka kiwandani ikachapwe. Hebu soma kwa sauti: "tumfanye mtu kwa picha yetu". Masikio yako yenyewe yanakataa.

"Spitting image" je?

Ni mtu anayefanana kabisa na mwingine: shilingi kwa ya pili. "Spit" ni kutema mate, ila hapa usitafsiri mate.

Kidato cha pili hapa, Kaole. Image ya kwenye kioo ni kivuli?

Nyumbani wengi tunasema kivuli, hata bibi yangu alisema hivyo. Kwa Kiswahili cha sayansi sema taswira. Kivuli ni pale mwanga ulipozuiwa: simama ufukweni jua likiwaka, utakiona kimelala mchangani, cheusi, hakina macho. Taswira ya kioo bapa ina macho yako, na huonekana nyuma ya kioo kwa umbali uleule uliosimama wewe mbele yake. Neno hilohilo mwalimu wa ushairi analitumia kwa picha inayojengwa kichwani na maneno. Msichanganye vipindi.

Tunaandaa bango: "Tulinde picha ya mji wetu". Liko sawa?

Haliko sawa, na nasikitika kuona mabango ya namna hiyo yanazidi. Mpita njia atadhani kuna picha imetundikwa mahali inataka mlinzi. Mji una jina, una sifa, una heshima. "Taswira ya mji" inakubalika, ila ni nzito kwa bango la barabarani. Andikeni "Tulinde jina jema la mji wetu". Kabla hamjampa mchoraji, msomeeni mama mmoja wa soko la samaki. Akiuliza "picha gani, mwanangu?", lirudisheni mezani.