Afisa TEHAMA aliye peke yake ananufaikaje na chama cha kitaaluma?

SWALI: Mimi ni afisa TEHAMA pekee katika hospitali binafsi hapa Kigoma Mjini. Nina stashahada na nimefanya kazi kwa miaka minne. Nilimwomba mwajiri anilipie ada ya chama cha kitaaluma, akajibu kwamba semina zote hufanyika Dar es Salaam, kwa hiyo ni afadhali fedha hizo zinunue betri za UPS, kifaa kinachoshikilia umeme kwa muda unapokatika. Je, ana hoja? Chama kitanisaidia nini katika kazi yenyewe, mimi niliye huku mwisho wa reli?

JIBU: Mwajiri wako ana hoja, ila ni kwa sehemu ndogo. Kama faida ya chama ingekuwa semina na picha za pamoja tu, betri zingestahili kutangulia, kwa kuwa umeme ukikatika wakati hifadhidata inaandika taarifa za wagonjwa, semina haitakuokoa. Hata hivyo, hasara kubwa ya mtu anayefanya kazi peke yake ni kukosa mwenzake wa fani anayeweza kumkagua, na pengo hilo ndilo chama kizuri huliziba, uwe Kigoma au huku kwetu Tabora, ambako nasi wengi tuko mmoja mmoja kwa kila ofisi.

Chukua suala la nakala rudufu, yaani nakala za akiba za data. Katika kazi yangu ya kukagua mifumo nimekuta zaidi ya mara moja taasisi ambayo afisa wake ni hodari na mwaminifu, anachukua nakala kila usiku, lakini diski ya nje anayoziwekea imechomekwa mwaka mzima kwenye seva ile ile, kompyuta kuu inayotunza data. Programu hasidi ya kufunga mafaili na kudai fedha ikiingia kwenye seva hiyo, itafunga pia yaliyomo kwenye diski, kwa sababu popote seva inapoweza kuandika, programu hiyo nayo inaweza kuandika. Kanuni inayojulikana kama 3-2-1 inataka nakala tatu za data, katika aina mbili za vihifadhio, na moja kati yake ikae nje ya jengo. Kanuni hiyo unaweza kuisoma kwa dakika chache; kinachokosekana ni mtu wa kukuuliza mara ya mwisho ulirejesha lini data kutoka kwenye nakala hizo, na kazi hiyo ilichukua saa ngapi. Daktari mfawidhi hawezi kukuuliza hivyo, wala mhasibu. Atakuuliza mwanachama mwenzako anayesimamia mfumo kama wako mkoa mwingine, tena kwa simu, bila nauli ya treni.

Jambo jingine, ambalo mimi nalipa uzito kuliko cheti chochote, ni kanuni za maadili. Mwenye nenosiri la msimamizi anaweza kufungua karibu kila kitu, na mapema au baadaye mkubwa fulani atakuomba usome barua pepe za muuguzi anayeshukiwa, au umtolee jalada la mgonjwa asiyemhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo pasipo idhini. Kanuni za ACM, chama cha wanakompyuta kilichoanzishwa Marekani mwaka 1947, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2018, zinataka faragha iheshimiwe katika kifungu 1.6 na siri zitunzwe katika kifungu 1.7. Ukikataa kwa neno lako peke yake utaonekana mkaidi. Ukionyesha kanuni ulizokubali kuzifuata, mazungumzo yatahama kutoka kwenye tabia yako na kwenda kwenye utaratibu, yaani nani ameidhinisha, kwa sababu gani, na idhini hiyo imeandikwa wapi. Sisemi kwamba karatasi hiyo itazuia hasira ya mkubwa, lakini itakupa mahali pa kusimama.

Kuhusu vyeti nitasema machache. ISACA, chama cha kimataifa cha wataalamu wa ukaguzi na usalama wa mifumo kilichoanzishwa mwaka 1969 na chenye tawi hapa Tanzania, hutoa cheti cha CISA kwa wakaguzi wa mifumo. Mtihani wake unaweza kuufanya kabla ya kutimiza miaka mitano ya uzoefu inayotakiwa, mradi uombe cheti ndani ya miaka mitano tangu ulipofaulu. Mwanachama hulipa ada ndogo ya mtihani kuliko asiye mwanachama. Uzoefu unaohesabiwa ni wa ukaguzi, udhibiti au usalama wa mifumo, si wa kubadilisha wino wa printa, kwa hiyo anza sasa kuweka kumbukumbu za kazi zako za aina hiyo. Aliyekwisha kupata cheti hutakiwa kujiendeleza kwa saa zisizopungua 20 kila mwaka na 120 katika miaka mitatu, na nyingi kati ya hizo hupatikana kwa intaneti. Hilo linaidhoofisha hoja ya Dar es Salaam.

Usichanganye chama na usajili wa wataalamu unaofanywa na Tume ya TEHAMA. Tume ni chombo cha serikali, na uanachama wa chama haukufanyi uwe umesajiliwa huko. Wala usidhani kundi la WhatsApp la mafundi ni chama, ingawa nakiri kwamba baadhi hujibu haraka kuliko chama chochote. Halina maadili yaliyoandikwa wala mtu wa kuwajibika kwa ushauri mbaya.

Ushauri wangu ni kuchagua chama kimoja tu cha kulipia. Ukipenda, ongeza Internet Society, shirika la kimataifa linalotetea intaneti iliyo wazi kwa wote, ambako mtu binafsi hujiunga bila ada. Kisha rudi kwa mwajiri na ombi la ukurasa mmoja linaloiweka ada kwenye fungu la mafunzo badala ya fungu la vifaa, ili isishindane na betri, na uahidi kwa maandishi kwamba ndani ya miezi mitatu utafanya jaribio la kurejesha data mbele yake, kwa utaratibu uliopitiwa na mwanachama mwenzako mmoja.