Jibu: Msipande hata mche mmoja kabla ya kuona notisi ya Gazeti la Serikali

Ngoja kwanza! Unauliza mpande miti gani kwenye uwanja wa wazi wa mtaa wenu na bembea za watoto mzitoe wapi, halafu unasema michango imeshaanza kwa sababu afisa wa ardhi amewaambia "hiyo ni ya umma, endeleeni tu". Simamisha hiyo michango leo.

Sisi tuliambiwa maneno hayo hayo, tukapewa na barua ina muhuri. Tukachanga, tukaweka seng'enge, tukapanda miche, jioni kina mama wanabeba maji kwa mitungi kuja kumwagilia. Asubuhi moja tukakuta bikoni mpya (vigingi vya mpaka) za zege katikati ya miche, saruji hata haijakauka, na jamaa ana hatimiliki mkononi, tingatinga linanguruma nyuma yake. Kumbe uwanja ulikuwa wa umma kwenye mchoro wa mtaa tu, kutengwa rasmi haukuwahi. Tukamrudia yule afisa, eti yeye alitoa "maoni" tu. Maoni! Mtu analipwa kwa kodi zetu, anaweka muhuri kwa kitu hajakagua, wazee wanatoa akiba yao juu ya hiyo karatasi, halafu anatutazama machoni anasema maoni. Mpaka leo simsamehi.

Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 iko wazi, Tume ya Taifa ya Ardhi ndiyo inatenga ardhi ya umma kwa matumizi maalum, na inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ikishatengwa hivyo haigawiwi mtu. Barua ya afisa si notisi, ubao wa "ardhi ya umma" si notisi.

Na msinijie na kifungu cha 40 cha Katiba, ati hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Ni kweli, lakini hiyo mtaithibitisha kortini mkilipa wakili, na miti imeshang'olewa.

Angalia msitu wa Karura, Nairobi. Ulitangazwa msitu kwenye Gazeti la Serikali 1932, na bado miaka ya 90 wakubwa waligawiana vipande, mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake wakapigwa pale Januari 1999 wakitaka tu kupanda miti. Msitu una notisi na bado damu ilimwagika, sasa nyinyi wenye barua?

Kesho nenda na namba ya ploti ukafanye sachi (ukaguzi wa rekodi) ofisi ya ardhi, ulizia namba ya notisi, kisha tafuteni sevea (mpima ardhi) wa kwenu awaonyeshe bikoni moja moja. Ukikosa notisi, pelekeni ombi kwa Tume na kaunti kwa maandishi, nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa.