Geji Ikikwama Kwenye Robo

Beetle yangu, gari dogo la Volkswagen, ni ya 1965. Kwa miezi kadhaa mshale wa geji ya mafuta ulikuwa ukishuka vizuri hadi robo, halafu unatulia hapo. Nilijua, nikanyamaza. Siku hiyo nilitoka Nairobi tangi likiwa pomoni. Mtito Andei, robo. Voi, robo. Nikajiambia Mariakani nitafika tu. Nilipoipita Mackinnon Road gari likakohoa, likavuta kidogo, likakohoa tena, kisha kimya. Nyika ya Taru, saa nane mchana.

Malori mawili yalisimama, Mungu awabariki, lakini lori la dizeli litakusaidia nini? Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda. Alirudi Mackinnon akaniletea lita tano kwa bei nisiyoitaja hapa, maana mke wangu husoma.

Hesabu yenyewe ningeifanya kabla hata sijawasha gari. Tangi ni lita 40, nami napata kilomita 10 hivi kwa lita. Hizo ni 400, na Nairobi hadi Mombasa ni zaidi ya 480. Siku hizi nikijaza naandika namba ya kilomita kwenye karatasi niliyobandika dashibodi. Zikitimia 300, natafuta kituo.

Pia nina ufito. Kwenye Beetle za miaka ile mdomo wa tangi uko chini ya boneti ya mbele, kwa hiyo kupima ni rahisi. Chukua ufito mkavu usiopakwa rangi, anza tangi likiwa karibu tupu, tia lita tano tano na uchonge alama kila mara. Usigawe nafasi sawa kwa rula, kwani tangi halina umbo la sanduku. Na sigara iwe mbali, bwana.

Kuhusu geji, nilimpelekea fundi wa umeme. Akashinda asubuhi nzima akisaka waya usiokuwepo! Beetle za 1962 hadi 1967 hazitumii umeme kwa geji: boya ndani ya tangi huvuta kamba nyembamba ya chuma hadi kwenye dashibodi. Yangu ilikuwa na kutu, ikikwama palepale. Za kabla ya hapo hazikuwa na geji kabisa. Dereva alikuwa na koki ya akiba tu: gari likianza kukohoa anaizungusha, anapata lita chache za kumfikisha. Nawaonea wivu.

Gari likishakauka mafuta, ukiongeza mengine usipige stata mfululizo. Tangi liko mbele, injini nyuma, na mafuta yana safari ndefu. Piga kidogo, pumzika, piga tena, la sivyo utamaliza na betri. Ukifika, angalia chujio. Langu lilikuwa limejaa matope mekundu yaliyokuwa yamelala chini ya tangi tangu sijui lini, na kwa siku mbili baadaye gari lilikuwa bado linakwamakwama kwenye mlima wa Mazeras.