Nyuzi za zamani: zitupwe au zitumike?

Dada, umeuliza kama zile nyuzi ulizoachiwa na bibi bado zinafaa kushonea. Uzi huzeeka, ndiyo, ila usizitupe zote kwa mkupuo. Wa pamba ndio huchoka mapema, hasa uliokaa juani au penye unyevu. Wa poliesta huvumilia miaka mingi zaidi.

Mimi hupima hivi: nakata kama sentimita 30, nashika ncha zote mbili, navuta taratibu, kisha kwa ghafla. Uzi mzima hukaza na kuuma vidole kabla ya kukatika. Uliochoka huachia kimya kimya, bila hata kupinga. Hapo usikate tamaa: fungua mizunguko kadhaa ya juu upime tena, maana jua hula nje kwanza, na ndani mara nyingi kuna uzi mzuri.

Wenye ukungu au manyoya mengi usiupitishe kwenye cherehani. Ulio dhaifu kidogo upigie bandi tu, ule mshono wa muda, si utafumuliwa? Nguo ya kuvaliwa, hapana. Mimi niliushonea suruali, mshono wa nyuma ukaachia nilipoinama, mbele za wakwe.