Maswali na majibu: Pima springi kabla hujatafuta nguvu

Shokapu ya nyuma ni ngumu mno, kila jiwe linanipiga mgongoni. Nilegeze kliki ngapi?

Swali hili hunifikia kila mara, na kila mara mwulizaji hataji uzito wake. Ndugu yangu, kliki, yaani hatua za skrubu ya shokapu, siwezi kukutajia kabla hujapima springi inabonyea kiasi gani. Inua pikipiki kwenye stendi, gurudumu la nyuma lining'inie. Pima kutoka ekseli kwenda juu hadi alama utakayoweka kwenye madigadi. Tuseme ni milimita 620. Ishushe, panda ukiwa umevaa kila kitu, kofia, buti, hata mkoba wa maji, simama kwenye vikanyagio, itikise mara mbili tatu, mwenzako apime tena. Akipata 515, umeibonyeza milimita 105. Kwa pikipiki kubwa ya njia za porini, kati ya 95 na 110 panafaa.

Sasa shuka, ipimwe ikiwa peke yake. Inatakiwa ishuke kama 30 hadi 40. Hapa wengi hupotea. Kipimo cha kwanza kikiwa sawa lakini hapa ikashuka 15 tu, wanasema springi ni ngumu, kumbe ni laini kwa uzito wako, na umeikaza kupita kiasi ili ikubebe. Tafuta iliyo ngumu zaidi. Ikishuka kupita 45, basi hiyo ndiyo ngumu kuliko mwili wako.

Kliki zinafuata baadaye. Kaza skrubu taratibu hadi igome, huku ukihesabu, andika idadi, kisha irudishe ilipokuwa. Usiilazimishe, utaharibu ncha yake ya ndani. Halafu fungua kliki mbili skrubu ya kurudi, ile inayopanga kasi ya shokapu kunyooka, upite njia ileile tena. Shokapu inayorudi polepole haiwahi kunyooka kabla ya jiwe linalofuata. Inazama kidogo kidogo hadi inakosa nafasi ya kubonyea, nawe unasikia ugumu mgongoni. Nimeona watu wakibadilisha springi nzuri kwa sababu ya kliki mbili.

Upepo wa tairi?

Psi 12 hadi 15 kama una tyubu, upime tairi likiwa baridi. Ukishusha zaidi, mawe yatabana tyubu kwenye rimu na kuitoboa.

Oili ya foku inabadilishwa lini?

Kama hukumbuki mara ya mwisho, ibadilishe wiki hii.

Pikipiki yangu haina nguvu kwenye vilima vyenye kona. Ninunue bomba la moshi la wazi?

Hapana. Bomba la wazi mara nyingi hupunguza nguvu ya chini, na nguvu ya chini ndiyo unayoitafuta kwenye kona. Tena makelele ni sababu mojawapo ya njia zetu kufungwa. Nakuomba sana, usiongeze makelele.

Hesabu meno ya sproketi. Ukiwa na 13 mbele na 50 nyuma, kuweka 12 mbele ni karibu sawa na kuongeza meno manne nyuma. Ni njia rahisi, lakini sproketi ndogo ya mbele inakunja cheni zaidi na kuichakaza. Mimi huongeza mawili nyuma, naangalia kama cheni inatosha, halafu narekebisha ulegevu wake. Kama injini inazimika kila unapobana klachi kwa kuchelewa, flaiwili (gurudumu la ndani ya injini) nzito zaidi itakusaidia kuliko bomba lolote.

Lakini je, ulipima springi? Pikipiki iliyokaa vibaya nyuma haisukumi tairi ardhini. Gurudumu linazunguka bure, na mwenye pikipiki anaiambia dunia kwamba injini ni dhaifu.

Nikikaza mwendo usukani unatikisika.

Huenda nyuma umeinuka mno. Rudi kwenye swali la kwanza, kisha kagua beringi za usukani.

Nikipanda milima mirefu inakohoa na kutoa moshi mweusi. Ni kabureta?

Ndiyo. Juu hewa ni nyepesi, mafuta yanazidi. Weka jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta, iliyo ndogo zaidi, kisha usome rangi ya plagi. Ila ukishuka bondeni, rudisha jeti ya zamani kabla hujawasha injini. Hewa inakuwa nzito, mafuta yanapungua, joto linapanda. Nimeshika mkononi pistoni iliyotoboka katikati, kingo za tundu zimeyeyuka kama nta, na jeti ya mlimani bado ilikuwa ndani ya kabureta.